Mafunzo ya lishe na tiba ya mtindo wa maisha kwa wahudumu wa afya, Malindi: siku ya pili inastahili ada yote

Hii ni tathmini kwa wauguzi, matabibu, wafamasia na wataalamu wa lishe wa Malindi, Magarini na Lamu wanaojiuliza kama walipie mafunzo haya ya siku tatu au waendelee kusoma wenyewe kwenye simu. Jibu letu: lipieni, mradi mjue mnalipia nini. Siku ya kwanza ni ya kawaida. Siku ya tatu ina saa moja ya thamani kubwa na nyingi za kuharakishwa. Siku ya pili, ile ya jikoni na mzani, ndiyo itakayobadilisha namna mnavyozungumza na mgonjwa wa presha au sukari.

Kwamba mafunzo ya namna hii yanahitajika si jambo la kubishaniwa. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali, na ikaonekana kwamba wanafunzi wa udaktari hawafundishwi lishe ya kutosha, awe anasoma nchi tajiri au maskini. Mwaka 2022 baraza la wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kutaka madaktari wafundishwe lishe kwa uzito unaostahili. Kwetu Kenya taaluma ya lishe ina sheria yake tangu 2007 na wataalamu wake husajiliwa, lakini zahanati nyingi za mwambao huwa na muuguzi mmoja au wawili tu, na mtaalamu wa lishe yuko hospitali kubwa, mwendo wa boda au wa mashua. Anayekaa uso kwa uso na mzee mwenye presha ya 170 kwa 100 ni muuguzi huyo. Akimwambia tu "punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi," mzee ataitikia vizuri, ataondoka, na mwezi ujao atarudi na namba ileile.

Siku ya kwanza inapita kwenye nguzo sita za tiba ya mtindo wa maisha: chakula, mwili kufanya kazi, usingizi, kutuliza msongo, kuepuka vitu vinavyodhuru, na uhusiano mwema na watu. Picha za ukutani ni nyingi mno na zinakimbizwa. Usingizi unapewa dakika chache, ilhali wagonjwa wengi wa kiume wa umri wa kati katika miji ya mwambao watakwambia wanatafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, na muguka hukata hamu ya kula, huondoa usingizi na kusukuma presha juu. Hapo palistahili kipindi kizima.

Sehemu ya ushahidi imefanywa kwa uaminifu, na hilo tunalisifu. Wawezeshaji wanataja utafiti wa DASH wa 1997, ulioonyesha kwamba mlo wenye matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi hushusha presha bila kupunguza uzito. Wanataja ule wa Marekani wa kuzuia kisukari, wa 2002, ambamo kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza visa vipya kwa asilimia 58, na vidonge vya sukari vya metformini kwa asilimia 31. Kisha wanakuja kwenye utafiti wa DiRECT wa Uingereza, wa 2017, ambao asilimia 46 ya waliofuata mpango wa kupunguza uzito walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari baada ya mwaka mmoja. Papo hapo wanaeleza masharti yake: wagonjwa hao walikuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka 6, hawakuwa wakitumia insulini, na kwa miezi kadhaa walikula vyakula maalumu vya unga vya kalori zaidi kidogo ya 800 kwa siku, chini ya uangalizi. Kwa hiyo hairuhusiwi kumwahidi mama wa Shela aliyekaa na kisukari miaka 15, na anayedungwa insulini, kwamba atapona kwa kuacha wali. Wapo wanaouza ahadi hiyo mitaani pamoja na makopo ya unga, na mhudumu wa afya asiyejua masharti ya utafiti hana cha kuwajibu.

Sasa siku ya pili.

Inaanza na kupima, na watu wazima wenye vyeti wanafundishwa upya kupima presha. Mgonjwa akae dakika 5 ameegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla, na asiongeleshwe. Vipimo viwili, dakika moja kati yake, kisha wastani. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene namba hupanda kwa uongo, na kituo chenye mkanda wa saizi moja tu kinawapa watu dawa wasizozihitaji. Hili la mkanda liliwachoma wengi ukumbini, nasi tunaona ni sawa liwachome.

Kiuno kinapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa amemaliza kutoa pumzi ya kawaida, tepu iwe sambamba na sakafu. Kwa wanawake wa huku mafunzo yanasisitiza chumba cha faragha na mpimaji mwanamke, na tepu ipite juu ya nguo nyepesi, wala si juu ya buibui. Pasipo tepu kuna njia ya uzi: pima urefu wa mtu kwa uzi kuanzia kisigino hadi utosi, ukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu na hatari ya moyo na sukari imeongezeka. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuifanya barazani bila kifaa chochote, na matokeo mgonjwa anayaona mwenyewe.

Baada ya chai inakuja hesabu ya kaya, moyo wa mafunzo yote. Kumuuliza mtu "unatumia chumvi kiasi gani?" hakuzai jibu la maana, kwa sababu hakuna anayepima. Badala yake unauliza vitu vinavyonunuliwa: mnanunua nini, kiasi gani, kinaisha kwa muda gani, mnakula watu wangapi. Kisha unagawanya.

Chukua kaya ya watu 6. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo ikiisha kwa wiki mbili, ni karibu gramu 6 kwa kila mtu kwa siku, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Hapo hujahesabu viazi karai vya jioni, kidonge cha supu wala achari. Sukari kilo 2 kwa wiki ni karibu gramu 48 kwa mtu, vijiko 12 vya chai. Kwa mtu wa kalori 2,000 ukomo ni gramu 50, na ukitaka faida zaidi ushuke hadi 25. Soda ya kola, yenye takribani gramu 10 kwa kila mililita 100, bado haijaguswa. Mafuta lita 5 kwa mwezi ni karibu mililita 28 kwa kila mtu kwa siku, takribani kalori 230. Hesabu yote huchukua dakika 4 ukiwa na kalkuleta ya simu, na mgonjwa huondoka na namba iliyotoka kwenye kikapu chake mwenyewe. Habishani nayo.

Panapoharibika ni hapa, na wawezeshaji wanapaeleza vizuri. Nyumba inayouza mahamri au barafu za watoto hununua sukari nyingi isiyoliwa ndani. Bila kuitoa, utamlaumu mtu bure. Watoto wadogo wakihesabiwa sawa na wakubwa, fungu la wakubwa linaonekana dogo kuliko lilivyo. Wageni wa Maulidi au arusi hupandisha matumizi ya mwezi mmoja, kwa hiyo uliza mwezi wa kawaida. Na nazi husahaulika kabisa kwa kuwa pengine haikununuliwa, imeangushwa uani. Uliza, "mnakuna nazi ngapi kwa siku?" Nazi moja ya kadiri ina nyama ya takribani gramu 400, na kila gramu 100 zake zina mafuta takribani gramu 33, mengi yakiwa ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya ya LDL.

Kuhusu nazi kuna mjadala mkali kila awamu, na inafaa uwepo. Mwambao hautaacha nazi, na mhudumu anayeanza kwa kuikataza amefunga mlango. Ushauri unaotolewa unafanyika: wali upikwe kwa tui la pili na la tatu, tui zito liingie mwishoni kwenye mchuzi kwa kiasi cha kuonja ladha, na siku za nazi zisiwe siku za kukaanga. Mbaazi za nazi za asubuhi zibaki, maana zina protini na nyuzinyuzi za kutosha. Kinachopunguzwa ni mahamri, kutoka manne hadi moja. Kikombe cha chai kinywewe bila sukari, kwa kuwa hamri lenyewe limeshakandwa na sukari. Huu ni ushauri ambao bibi wa Lamu atausikiliza.

Somo la sahani ndilo lililotukwaza. Kitabu cha washiriki kina picha ya sahani ya mtu mmoja: nusu mboga, robo protini, robo wanga. Ni kanuni njema, lakini Lamu, na nyumba nyingi za Malindi, watu hula sinia moja. Mgonjwa wa sukari akitengewa sahani yake anaonekana ametengwa mwenyewe, na atarudi siniani kimyakimya. Wali ukishafika kwenye sinia, kiasi hakipimiki tena. Hupimwa kwenye sufuria. Kilo moja ya mchele kwa watu 6 ni karibu gramu 167 za mchele mbichi kwa kila mmoja, wanga takribani gramu 130 kwa mlo mmoja. Pika robo tatu ya kilo na wanga unashuka karibu na gramu 100. Nafasi iliyobaki siniani ijazwe mchicha, kunde, mabenda au kachumbari, na samaki awekwe katikati ili mikono yote ielekee huko. Mwezeshaji mmoja alilieleza hili vizuri kwa mdomo. Lakini kwenye kitabu halimo, na washiriki hufundishia wenzao kwa kitabu. Ukurasa wa sinia uongezwe kabla ya awamu nyingine.

Ng'onda na papa mkavu, samaki waliokaushwa kwa chumvi, vinapata nafasi, jambo ambalo hatujaliona kwenye mafunzo ya kutoka bara. Ushauri ni kuloweka usiku kucha, kumwaga maji na kubadilisha mara mbili, kisha kupika bila kuongeza chumvi. Ladha itoke kwa ndimu, ukwaju, bizari na pilipili. Tungependa iongezwe habari ya chumvi ya mawe. Kaskazini mwa Malindi, kuanzia Gongoni hadi Marereni, ndiko chumvi nyingi ya nchi hii inakotengenezwa, na chumvi ya mabwawani isiyopita kwenye hatua ya kutiwa iodini ni rahisi kupatikana. Mjamzito anayeambiwa apunguze chumvi aambiwe pia kwamba ile kidogo anayotumia iwe yenye iodini.

Onyo la madafu limesemwa haraka mno. Dafu linasifiwa mitaani kama dawa ya presha, na kweli lina potasiamu nyingi, takribani miligramu 250 kwa kila mililita 100. Kwa figo nzima si tatizo. Kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, madafu mawili matatu kwa siku yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sentensi hiyo iandikwe kwa wino mzito, na ipewe mfano wa kadi ya mgonjwa yenye majina ya dawa ili washiriki wajifunze kuitafuta wenyewe.

Na wale wanaohitaji kuongeza, si kupunguza? Nyenzo nyingi za taaluma hii zimetoka nchi ambako shida ni unene, na mafunzo haya yamerithi upofu huo. Mgonjwa wa kifua kikuu, mtoto wa siko seli, mjamzito mwenye damu ndogo: wote wanaishi mtaa mmoja na mgonjwa wa kisukari, pengine nyumba moja. Kuna ukurasa mmoja tu. Tunashukuru kwamba unataja utepe wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ikiwa ni utapiamlo mkali, na kwamba chai inywewe saa moja mbali na mlo na vidonge vya madini ya chuma kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Lakini ni kidogo.

Siku ya tatu asubuhi ni dawa, na hapo ndipo ilipo ile saa moja ya thamani. Mlo ukibadilika kweli, sukari hushuka ndani ya siku chache, na mgonjwa anayeendelea na kipimo kilekile cha insulini au cha vidonge vya sukari vya glibenklamidi anaweza kuzimia kwa sukari kushuka. Metformini peke yake ni nadra kuleta hatari hiyo. Kwa hiyo utaratibu unaofundishwa ni huu: kabla ya kumpa mgonjwa mpango wa chakula, soma kadi yake. Akiwa kwenye insulini au dawa za kundi la glibenklamidi, tabibu apange kipimo kipya kwanza, mgonjwa apimwe sukari mara kwa mara wiki mbili za mwanzo, na aondoke akijua dalili: jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Presha nayo hushuka, na kizunguzungu cha kuinuka kitandani ni ishara ya kurudi kliniki. Mtaalamu wa lishe hapunguzi dawa mwenyewe, anampigia tabibu. Mipaka hii imewekwa wazi bila kumdhalilisha yeyote.

Ramadhani imefundishwa vizuri sana. Mazungumzo yaanze wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, si usiku wa kuamkia. Metformini ya mara mbili inywewe futari na daku; ya mara tatu, ile ya mchana iunganishwe na ya futari. Kutoboa kidole hakufunguzi saumu, na hili lisemwe waziwazi kwa sababu wengi huacha kupima wakiogopa. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au kupanda juu ya 16.6, saumu ifunguliwe hapo hapo, hata zikibaki dakika kumi kabla ya adhana. Futari ianze kwa tende na maji, kisha supu au uji usio na sukari. Viazi vya nazi, muhogo wa nazi, kaimati na tambi visikutane vyote meza moja: kimoja leo, kingine kesho. Tungeshauri waandaaji wamwalike imamu wa mtaa kwenye kipindi hiki, maana mgonjwa atamuuliza yeye kabla hajamuuliza muuguzi.

Alasiri ni ya kujifunza kuzungumza na mgonjwa, na imeharibiwa na muda. Kanuni ni njema: uliza kabla ya kushauri, sikiliza, mwache mgonjwa achague jambo moja, liandike kwenye karatasi kama dawa inavyoandikwa. "Tembea dakika 30 baada ya Alasiri, siku 5 kwa wiki, pamoja na jirani," si "fanya mazoezi." Mazoezi ya kuigiza, hata hivyo, yalifanywa kwa Kiingereza ukumbini, wakati hakuna hata mmoja wa washiriki atakayezungumza Kiingereza na mgonjwa wa Faza au Ganda. Kumpa mtu uhuru wa kuchagua bila kumvunjia heshima ni kazi ya lugha. "Mama, katika haya tuliyoyahesabu, lipi unaona utaliweza wiki hii?" hufungua mazungumzo, "lazima uache sukari" huyafunga. Haya yafanyiwe mazoezi kwa Kiswahili, na kwa Kigiriama pia kwa wanaohudumu Magarini.

Chai ya saa nne ililetwa imeshatiwa sukari, pamoja na mandazi na soda. Waandaaji wabadilishe hilo mara moja. Maji, matunda, karanga, mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi yenye tangawizi vinapatikana soko la Malindi kwa bei nafuu, na mapumziko yenyewe yangekuwa somo.

Kwa wanaotoka Lamu, jueni kwamba ratiba inaanza saa mbili asubuhi, na kutoka kisiwani hadi Mokowe kisha barabara ya Garsen haiwezekani kuondoka siku hiyohiyo na kuwahi. Fikeni jana yake. Gharama ya kulala haimo kwenye ada.

Kasoro kubwa zaidi inakuja baada ya cheti: hakuna ufuatiliaji. Mtu akirudi zahanati yenye foleni ya wagonjwa 60, hesabu ya kaya hufa ndani ya wiki moja asipokuwa na pa kuiandika. Suluhisho ni dogo. Tengenezeni mhuri wenye mistari minne wa kugonga kwenye kitabu cha mgonjwa: chumvi, sukari, mafuta na kiuno, kila mmoja na nafasi ya namba na tarehe. Anzeni na wagonjwa watano tu kwa wiki, wale wapya, wala si wote. Mhudumu wa afya ya jamii apewe njia ya uzi na swali la pakiti ya chumvi, ili namba mbili zifike kliniki kabla ya mgonjwa.

Kabla ya kulipa, waulizeni waandaaji mambo matatu: kama kitabu kipo kwa Kiswahili, kama kuna mikanda ya presha ya saizi zaidi ya moja ya kufanyia mazoezi, na kama baraza lenu la taaluma linakubali alama zake za mafunzo endelevu. La tatu mlipate kwa maandishi.